Gesti Tatu za Kichochoro cha Watawa

Gesti ya kwanza niliichukia kabla sijakanyaga ndani. Mwenyewe, mzee mmoja mnene aitwaye Don Rómulo, alikuwa amekaa mlangoni anakula soseji kwa mkate, mafuta yanamtiririka hadi kidevuni. Alipotuona na mizigo yetu akachangamka utadhani tumemletea posa.

"Karibuni, karibuni! Chumba cha wawili kipo, maji ya moto yapo, na chuo kikuu mtakiona dirishani."

"Hatukuja kuangalia chuo," nikamwambia. "Nataka kujua kama kuna kijana amefia humu."

Mume wangu, Saturnino, akanivuta shali kwa nyuma. "Mama Eliseo, taratibu basi. Ndivyo watu wanavyouliza?"

"Kuna namna nyingine? Nifundishe."

Mimi subira sina, na sijawahi kudai ninayo. Lakini siku ile hata mwenye subira angeishiwa. Ilikuwa asubuhi ya tarehe mosi Novemba, siku ambayo wafu wetu wanarudi kula. Wanafika saa sita mchana kengele zikilia, wanaondoka kesho yake saa sita. Mfu mpya unamwandalia meza miaka mitatu. Ukiisha huo wa tatu anaagwa, anakwenda zake moja kwa moja, na hata ukipika sufuria kumi ni kazi bure. Kwa mwanangu Eliseo huu ulikuwa mwaka wa tatu, na ile miwili ya kwanza hakuja.

Nasema hakuja, na najua ninachosema. Kwetu Llallagua, kwenye migodi ya bati, nilimwandalia meza ambayo watu walitoka mtaa wa pili kuja kuiona. Nikakaa mbele yake mchana na usiku. Chakula ambacho mfu amekigusa kinapoteza ladha, hilo hata watoto wanalijua. Ukikionja unaona kama maji matupu. Changu kilibaki kitamu. Majirani walikisifia, wakaomba waongezewe, na mimi nikatamani kuwamwagia usoni. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Ndipo mama mmoja anayepiga ramli kwa majani ya koka akaniambia, mwanao bado yuko pale alipoangukia. Yuko Sucre, na ana njaa.

Huko Sucre alikuwa anasomea udaktari, kwenye chuo ambacho ni kizee kuliko nchi yenyewe. Alihama gesti kila mara, akifuata iliyo rahisi. Akafia katika mojawapo, bafuni, kwa hewa mbaya ya hita ya gesi. Wenzake wakamkimbiza hospitali, na Saturnino akaenda kumchukua hapo hospitali, akamleta nyumbani tukamzika. Kwa hiyo gesti yenyewe hatukuwahi kuiona. Wale wenzake walisema tu, "Gesti ya Kichochoro cha Watawa," kisha wakamaliza masomo wakatawanyika, na simu zao hazipatikani tena. Sisi tulidhani kichochoro kina gesti moja. Tukafika tukakuta tatu.

"Kufa?" akasema Don Rómulo. "Mama, humu hata kunguni wanaishi maisha marefu."

Saturnino akacheka. Nikamkata jicho mpaka kicheko kikamrudi kooni.

"Ni mwanangu ninayemuulizia, mzee."

Don Rómulo akaacha kutafuna. Akajifuta mikono kwenye suruali, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Nisamehe, mama. Pole sana. Lakini siyo hapa, naapa kwa kaburi la mama yangu."

Wangeapa wote. Mwenye gesti gani atakuambia kuna mtu amefia ndani mwake? Wanafunzi wangehama siku hiyo hiyo, na vyumba vingebaki vya popo. Ningekuwa mimi ningeapa kwa makaburi mawili.

Gesti ya pili ilikuwa ya watalii. Pale tulipokewa na binti aitwaye Ninoska, kucha ndefu, simu mkononi, ananiita "mama" kwa sauti ya kubembeleza mteja. Alisema nyumba yao ilikuwa duka la fundi cherehani, wameifungua kuwa gesti juzi juzi tu. Nikamuuliza, je, tukipanga chumba, anaturuhusu kuweka meza ya marehemu?

"Hapana, mama. Wageni wetu wanaogopa."

"Wanaogopa nini? Mikate?"

"Wanaogopa maiti, mama."

"Maiti iko Llallagua, imezikwa! Hapa ni supu na mikate!"

"Mama, wataandika kwenye mtandao."

"Waandike! Na siku wakifa wao wataandaliwa nini, chipsi?"

Saturnino akanishika mkono akanitoa nje, huku anamwomba radhi yule binti. Mume wangu huyo, akikanyagwa mguu anaomba radhi yeye.

Gesti ya tatu ilikuwa mwisho wa kichochoro, mlango wa mbao uliochoka. Tuligonga sana. Akafungua mwanamke wa rika langu, Doña Eduviges, lakini alifungua upana wa uso wake tu. Aproni ilikuwa na unga, kama ya kila mwanamke wa Sucre asubuhi ile.

"Vyumba vimejaa," akasema.

"Sijauliza vyumba. Namuuliza Eliseo Ayaviri. Mwanafunzi wa udaktari, mrefu, ana kovu kwenye nyusi."

Akanitazama, akamtazama Saturnino, akanirudia mimi.

"Simjui, mama. Kwangu hajafa mtu. Mungu awape nguvu."

Akafunga mlango polepole, wala hakuubamiza. Nikasikia komeo linaingia.

Tukabaki katikati ya kichochoro na mizigo yetu: miwa, mikate, sufuria, picha ya mtoto. Jua lilikuwa linapanda na zile kuta nyeupe zinatupiga machoni. Saturnino akakaa juu ya furushi.

"Turudi stendi," akasema. "Tukipata basi, kesho tutakuwa kaburini kwake."

"Kaburini hayupo."

"Casil—"

"Hayupo! Miaka miwili nimemwita hakuja! Wewe ulimpokea mlangoni pale hospitali. Ulishindwa kuuliza hata neno moja, huyu katoka nyumba gani?"

"Nilipokea maiti, Casilda," akasema. "Ya mwanangu. Ningeuliza nini?"

Huwa ananiita Mama Eliseo. Jina langu analitoa akiumia tu. Nikayaacha hapo, kwa sababu hata mimi kuna mahali huwa nasimama.

Basi ikabidi tuchague, na kuchagua kwenyewe ndiko huko. Kwa Ninoska hatutakiwi. Kwa mwanamke wa unga kumejaa. Tukarudi kwa mzee wa soseji, akatupa chumba cha juu na akasema meza tuweke tu, hata jiko tutumie, siku kama hii hafukuzwi mtu. Chumba kilikuwa na bafu, na bafuni kulikuwa na hita ya gesi na kidirisha kimezibwa kwa mbao. Bafu kama hilo ndilo lililomuua. Nikiwa nimesimama pale, nzi mmoja mkubwa, mweusi, akaja akatua juu ya mkono wangu. Akatulia.

Kwetu nzi wa siku ile si nzi. Ni roho inapita kusalimia.

"Ni yeye," nikamnong'oneza Saturnino. "Baba Eliseo, ni yeye! Ni hapa!"

"Ni nzi, mke wangu. Mwenye nyumba anakaanga soseji chini."

"Usinikatishe tamaa."

"Sikukatishi. Nasema tu kuna soseji."

Nikaamua ni yeye. Mtu aliyefika nilipofika mimi hana anasa ya kubagua nzi. Tukatandika kitambaa cheusi, tukafunga miwa pembeni ikawa kama lango, tukasimamisha ngazi ya mkate ya marehemu kushukia, tukapanga mikate yenye umbo la watu na sura zao. Nikapika supu ya mahindi na nyama ya nguruwe kwa pilipili nyekundu, ile aliyokuwa akirudi likizo anaulizia kabla hajavua begi. Kengele za saa sita zikaanza, kanisa moja likiitika jingine mji mzima. Saturnino akavua kofia. Nikasema, "Karibu, mwanangu. Kaa, kula."

Tukangoja.

Siku hiyo mlango wenye meza unaachwa wazi, na watu wanapita nyumba hadi nyumba wanawaombea wafu wa wenzao. Wakimaliza unawapa mkate na sahani ya chakula, wanaendelea. Meza isiyoombewa na watu ni meza yatima. Sasa sisi nani alitujua Sucre? Nilisikia nyimbo za sala zikipita chini, zikiingia nyumba nyingine, zikitoka. Kwetu hakupanda mtu. Tukasali wenyewe wawili mpaka sauti zikakauka, Saturnino anakosea maneno, mimi namsahihisha kwa ukali, naye anarudia kama mtoto wa shule.

Alasiri nikashindwa kuvumilia. Nikachukua kijiko, nikaonja ile supu.

Ilikuwa tamu. Pilipili imekaa, nyama imelainika, mahindi yamepasuka vizuri. Sijapika supu tamu kama ile maisha yangu yote. Nikaangusha kijiko, nikalia kwa sauti mbaya, sauti ya mnyama, wala sikujali gesti nzima isikie.

"Tumekosea nyumba," nikasema. "Yuko mlango wa pili anatungoja na njaa yake, na sisi tumemwekea nzi."

Saturnino hakusema soseji wala nini. Alikaa tu na kofia yake magotini.

Nikatoka. Wazo langu lilikuwa moja, nikakamate watu wa kusali barabarani, niwapandishe ngazi kwa nguvu ikibidi, labda wakiwa wengi atasikia. Kufika mwisho wa kichochoro, nikaona ule mlango wa mbao uliochoka uko wazi kabisa, umetundikwa kitambaa cheusi, na watu wanatoka wamekumbatia mikate. Nikasema, loo, kumbe na huyu ana wafu wake. Nikaingia niwaombe wale wasali waje na kwangu wakimaliza.

Lakini huwezi kuingia kwenye meza ya mtu ukaanza kuomba yako. Kwanza unasali. Nikapiga magoti nyuma ya wenzangu uani, bila kutazama sana, macho yenyewe yamevimba. Meza ilikuwa chini ya dari ya veranda, na karibu yake alisimama msichana wa nyumba, binti wa Doña Eduviges bila shaka, kidevu kile kile. Nikamuuliza kama inavyopasa:

"Tunamwombea nani, binti?"

Mbele ya meza jina la mfu halifichwi. Ukilificha, sala zinakwenda kwa mwingine.

"Eliseo," akasema yule binti. "Eliseo Ayaviri. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari."

Nikainua macho. Picha yake ilikuwa pale, ile ya kitambulisho cha chuo, imekuzwa, kovu na kila kitu. Kando yake, juu ya kiti, koti lake jeupe la masomo limefuliwa na kupigwa pasi. Nguo zake zote tuliletewa siku ya msiba isipokuwa koti, na nililia sana kuhusu hilo koti.

Sala nilizisema. Zilitoka zenyewe, mdomo unaenda, mimi sipo. Tulipomaliza yule binti akagawa mikate, akafika kwangu, akaniwekea wangu mikononi.

"Mungu akulipe, mama. Ulikuwa unamjua?"

"Nilimzaa."

Doña Eduviges alikuwa anatoka jikoni na trei ya sahani. Aliponiona akaitua chini, pole pole, hata sahani moja haikulia. Mimi nilisimama. Ilikuwa ninyanyue mkono, na angekiona cha moto siku hiyo. Lakini mbele ya mfu anayekula hakugombwi. Ukipaza sauti anaondoka, kama mtoto anayeacha sahani baba na mama wakianza kugombana. Nikaing'ata hasira yangu mpaka taya likauma.

"Ulinifungia mlango," nikasema kwa chini.

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini?"

"Wewe." Akaanza kulia. "Baridi ilikuwa kali mwaka ule. Wanafunzi walilalamika upepo wa bafuni. Mimi ndiye niliyeziba kidirisha chake, na hewa ya gesi ikakosa pa kutokea. Kwa mikono yangu hii. Sijakiri kwa mtu, hata kwa padri. Nilisema mama yake akija nitamwambia, halafu ukaja, na mdomo ukakataa."

Mwanamke aliyemuua mwanangu alikuwa mbele yangu, na mwanamke huyo huyo ndiye aliyefua koti lake.

"Tangu lini unamwekea meza?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Hatukulala humu mpaka nilipomwekea."

"Na anakula?"

Akachukua sahani kutoka mezani akanipa. Ilikuwa nyama kwa pilipili, nyekundu, inanukia. Nikatia kijiko kinywani, nikatafuna. Hakuna kitu. Hakuna chumvi, hakuna pilipili, hakuna nyama. Nikamaliza sahani nzima ya ule utupu, machozi yananichuruzika, watu wananitazama.

Amekula. Miaka yote mitatu alikuwa anakula! Nilifurahi jamani, nilifurahi, na hapo hapo nikaona wivu. Mimi namlilia ana njaa, kumbe kashiba kwa mkono wa mwingine.

Saturnino alikuja akaambiwa. Alisikiliza yote ameinamisha kichwa, kisha akaenda kuileta meza yetu, yeye na Don Rómulo wakibeba miwa kichochoro kizima, na Doña Eduviges akasogeza vyombo vyake kutupa nafasi. Tulikesha pale, wazazi upande mmoja, yeye na binti yake upande mwingine.

Kesho yake, kabla ya saa sita, ua ukajaa. Mwaka wa tatu watu wanakuja kuaga. Desturi ni kwamba mtu wa damu anasimama kengele zikianza, anamwambia mfu wake aende, na zikinyamaza meza inabomolewa na chakula kinagawiwa chote. Neno hilo lazima lisemwe. Asipoambiwa aende, anabaki akizunguka nyumba hiyo, na mezani hakuna tena chake, milele.

"Ni wewe, mama," Doña Eduviges akaniambia. "Mimi siwezi. Mimi si mama yake."

Kengele zikaanza. Nikasimama mbele ya picha. Neno nilikuwa nalo, nililifanyia mazoezi usiku kucha. Nikafungua mdomo.

"Kaa," nikasema. "Kaa, mwanangu. Usiende."

Watu wakaguta. Don Rómulo akapiga ishara ya msalaba. Doña Eduviges akanishika mkono, "Mama, usimfunge! Usimfunge mtoto!"

"Nipe chumba chake!" nikamwambia. "Kile kile. Nahamia leo. Nitampikia kila siku, njaa ataijulia wapi? Nafagia nyumba yako, nafua mashuka yako, nipe tu kile chumba!"

"Mama, kengele zinaisha!"

"Ziishe! Mmekaa naye miaka mitatu ninyi! Mimi nimempata jana!"

Makanisa ya mbali yalikuwa yameshanyamaza. Lilibaki moja, la karibu, na lenyewe linapunguza mwendo. Ndipo Saturnino akapita mbele yangu. Alisimama pale meza ilipo, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Eliseo, baba," akasema. "Mama yako unamjua. Usimsikilize."

"Saturnino, nyamaza!"

"Umekula, mwanangu. Umekula vizuri." Sauti ikamkatika, akaitafuta, akaipata. "Sasa nenda. Nenda, usigeuke. Huyu mimi nitabaki naye."

Kengele ikapiga mara ya mwisho. Saturnino akaweka kofia kichwani, akaanza kuifungua ile miwa. Nikamrukia, nikampiga kifuani kwa ngumi zote mbili, nikampiga na kumpiga, na yeye akaangusha mikono akaniacha nimpige.